Kitabu cha Picha Kuhusu Mwili wa Binadamu: Mwongozo kwa Anayewaandalia Wasomaji wa Nchelenge

Kabla hujachora moyo, amua ni nani atakayeutazama. Uamuzi huo ndio utakaokuambia ukubwa wa karatasi, unene wa mstari, wingi wa maneno, na kama moyo uchorwe peke yake au ndani ya kifua cha mtu mwenye sura na nguo. Mwongozo huu ni wako wewe mwalimu, mhudumu wa afya, mchoraji au kiongozi wa kikundi unayetaka kutengeneza kitabu cha picha cha sayansi ya mwili kwa watu wa wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia: mjini na Kashikishi, kwenye kambi za wavuvi kandokando ya Ziwa Mweru, visiwani Kilwa na Isokwe, na katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala.

Shika jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: picha haijielezi. Husomwa, na usomaji wake una kanuni ambazo mtu hufundishwa, sawasawa na usomaji wa herufi. Ukilisahau hilo utatoa kitabu cha kupendeza ambacho kila mtu atakielewa kivyake.

1. Chagua msomaji mmoja

Nchelenge ina lugha nyingi. Wenyeji wengi huzungumza Kibemba, na Kiingereza ndicho lugha ya mitihani. Ng'ambo ya ziwa, katika miji ya Kilwa na Pweto upande wa Kongo, watu huzungumza Kiswahili cha Katanga, na waliosoma huko walifundishwa kwa Kifaransa walipopanda madarasa. Tangu Mantapala ifunguliwe mwaka 2018 kuwapokea Wakongomani waliokimbia mapigano ya majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, Kiswahili kinasikika kila siku ndani ya wilaya yenyewe.

Ukitaka kuwafaa wote hao kwa kitabu kimoja, hutamfaa yeyote. Mtaalamu wa anatomia Andreas Vesalius alilijua hilo mapema. Mwaka 1543, mjini Basel, alichapisha De humani corporis fabrica, kitabu kinene cha mamia ya kurasa kwa waliobobea katika tiba. Mwaka huohuo akatoa Epitome, kitabu chembamba chenye michoro mikubwa na maneno machache, kwa ajili ya wanafunzi, na tafsiri yake ya Kijerumani ikatoka kabla mwaka haujaisha. Mwandishi alikuwa mmoja na mwili ulikuwa uleule, lakini vitabu vilikuwa viwili kwa sababu wasomaji walikuwa wawili.

Chukua karatasi, mwandike msomaji wako kwa kujibu maswali haya:

- Ana umri gani, na anasoma lugha ipi bila kuhangaika?
- Atakisoma peke yake, atasoma na mtoto, au atakishika mbele ya kikundi?
- Atakisoma wapi, na kwa mwanga gani?
- Mwili ameshauona kwa ndani wapi: darasani, buchani, au anapopasua samaki?
- Akimaliza kusoma, aweze kufanya au kueleza jambo gani?

Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kitabu cha kushika mkononi huwa na ukubwa wa nusu ya karatasi ya A4. Kitabu ambacho mhudumu wa afya atakiinua mbele ya kina mama ishirini chini ya mti kinahitaji karatasi ya A3, picha moja kila ukurasa, na maelezo yaliyochapwa nyuma ya picha ili ayasome yeye huku wenzake wakitazama. Ukiamua kufanya vyote viwili, fanya vitabu viwili.

Katika mwongozo huu msomaji wetu ni mzazi wa Mantapala anayesoma Kiswahili polepole, akiwa na mtoto wa miaka kumi hadi kumi na minne pembeni yake.

2. Kurasa chache, swali moja kwa kila jozi

Wachapaji hukunja karatasi kubwa ikatoa kurasa kumi na sita, kwa hiyo kitabu cha kurasa 32 au 48 hakipotezi karatasi. Anza na 32. Kila kurasa mbili zinazotazamana zijibu swali moja ambalo watu wa pale huuliza kweli: Kwa nini moyo hudunda? Chakula huenda wapi? Kwa nini homa hupanda, hushuka, kisha hurudi? Damu kwenye mkojo hutoka wapi? Mtoto hulaje akiwa tumboni?

Mada zichague kwa kuangalia maisha ya pale. Malaria huambukizwa Nchelenge mwaka mzima, kwa maana mbu aina ya Anopheles funestus huzaliana kwenye maji ya kudumu yenye majani, na maji hayo hayakauki kiangazi. Kichocho humpata anayeoga, kufua au kuvua kwenye maji yenye konokono waliobeba vimelea. Kina mama wanaokausha samaki kwa moto huvuta moshi kwa saa nyingi, hivyo mapafu yanastahili jozi yake ya kurasa. Chakula kikuu ni muhogo, wenye nguvu nyingi na protini kidogo. Basi kurasa za chakula zioneshe chisense, dagaa wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa: mtu huwala wazima, na kwa hiyo hupata kalsiamu ya mifupa yao pamoja na protini ya nyama.

Tenganisha sayansi na tiba. Kitabu hiki kinaeleza mwili unavyofanya kazi. Vipimo vya dawa visiwemo, kwa sababu hubadilika na kosa moja linaweza kuua. Chini ya kurasa zinazohusu ugonjwa, weka mstari mmoja wa dalili zinazomtaka mtu aende kliniki bila kuchelewa. Anayetaka mwongozo wa matibabu ya kijijini ana kitabu kingine, Mahali Pasipo na Daktari, tafsiri ya Kiswahili ya kazi maarufu ya David Werner.

3. Picha ina mwalimu wake

Usidhani unawaletea watu wa eneo hili mafunzo ya picha kwa mara ya kwanza. Mwaka 1931 mwanaanthropolojia Audrey Richards alishuhudia chisungu, unyago wa wasichana wa Kibemba, na mwaka 1956 akachapisha kitabu juu yake. Wasichana walifundishwa kwa mbusa, yaani sanamu za udongo na michoro ya ukutani, na kila moja ilikuwa na wimbo wake. Mwalimu, nachimbusa, ndiye aliyefungua maana. Upande wa Katanga, Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa kushika mkononi wenye shanga na michongo, ambao wanachama wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa vidole huku wakisimulia historia ya ufalme. Hakuna aliyetazamia mgeni auokote ubao ule na kuelewa peke yake.

Wataalamu nao walifika hapohapo kwa njia yao. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Jan Deregowski alifanya Zambia majaribio juu ya namna watu wanavyosoma michoro, na mwaka 1972 akayaeleza katika jarida la Scientific American. Alionesha kwamba mbinu ambazo wachoraji wengi huziona za kawaida, kama vile kumchora mnyama mdogo ili aonekane yuko mbali, hazisomwi kwa namna moja na watu wote. Hapo kinachopimwa ni mazoea ya mtu na aina ile ya mchoro. Akili yake haimo katika hesabu hiyo. Andreas Fuglesang, aliyefanya kazi ya elimu ya lishe Zambia, alihimiza katika kitabu chake cha mwaka 1973 kwamba picha zipelekwe kwa watazamaji wake kabla ya kuchapwa.

Kwa hiyo kurasa mbili za kwanza za kitabu chako zifundishe kusoma picha. Chora mtu mzima aliyevaa nguo. Pembeni mchore yuleyule akiwa amefungua shati. Kisha mchore tena, safari hii ukiwa umefungua dirisha kifuani linaloonesha moyo na mapafu. Andika: "Huyu ni mtu mmoja. Katika kitabu hiki tutamtazama kwa nje, kisha kwa ndani."

4. Kanuni za kuchora

*Usikikate kiungo ukakiacha hewani.* Mkono au figo iliyochorwa peke yake humfikirisha mtazamaji kuhusu maiti au machinjio. Acha mwili uonekane wote, hata kwa mstari hafifu, kisha onesha kiungo mahali pake.

*Kuza kwa hatua.* Chembe nyekundu ya damu ina upana wa sehemu saba hadi nane za elfu moja za milimita. Usiruke kutoka kwa mtu hadi kwenye chembe. Onesha mkono, kisha kidole kilichochomwa sindano, kisha tone la damu, kisha chembe. Mbu aliyekuzwa awe na mwenzake wa ukubwa wa kweli pembeni, ametua juu ya ngozi.

*Onyesha kushoto ni wapi.* Katika michoro ya mwili mtu hututazama, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwetu. Msomaji mpya atauweka moyo upande usio wake. Mchore mtu ameweka kiganja kifuani na uandike "kushoto kwake" kwenye bega. Onesha pia kwamba moyo uko karibu na katikati ya kifua, na ncha yake imeelekea kushoto.

*Rangi iwe na sababu.* Vitabu vya tiba hupaka ateri nyekundu na vena buluu. Usipoeleza, msomaji ataondoka akiamini kuna damu ya buluu, ilhali damu ya kwenye vena ni nyekundu iliyoiva. Tumia nyekundu mbili, nyangavu na nzito. Kama fedha ni kidogo, chapa kwa rangi nyeusi tupu na utofautishe mishipa kwa mistari na vitone. Kitabu hicho kitatolewa fotokopi bila kuharibika.

*Andika jina juu ya kiungo chenyewe.* Kitabu cha anatomia cha Henry Gray cha mwaka 1858 kilichorwa na Henry Vandyke Carter, naye aliandika majina moja kwa moja juu ya mifupa na mishipa, ili mwanafunzi asihangaike kutafuta herufi A au B kwenye orodha ya pembeni. Kwa mtu anayesoma polepole msaada huo ni mkubwa zaidi.

*Linganisha na kinachojulikana pale.* Mwaka 1926 Fritz Kahn, nchini Ujerumani, aliuchora mwili wa binadamu kama kiwanda chenye mashine, mikanda na wafanyakazi. Wasomaji wake waliishi kati ya viwanda. Msomaji wa Mweru anamjua samaki. Mama anayepasua samaki aitwaye "pale", anayependwa ziwani humo, ameshaona ini, nyongo, utumbo na mayai mara nyingi kuliko mwanafunzi wa darasani. Mchore samaki huyo aliyepasuliwa kando ya binadamu na useme pia wanapotofautiana: samaki hupumua kwa matamvua na moyo wake una vyumba viwili, ilhali wetu una vinne. Kwa mapafu na moyo, mbuzi ni mfano ulio karibu zaidi nasi.

*Mfuatano uwe na namba na mtu mmoja.* Mishale husomwa vibaya, hasa ikiwa mingi. Weka namba kubwa, na mtu yuleyule mwenye nguo zilezile kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Badala ya kuchora alama ya mkato juu ya tendo baya, onesha tendo na matokeo yake.

5. Mfano: kurasa mbili za wengu

Tuseme swali ni hili: "Kwa nini mtoto wangu ana kitu kigumu chini ya mbavu za kushoto?" Kiungo hicho ni wengu, ambao malaria huuvimbisha. Historia yake inahusu sehemu hizi za dunia: katika mkutano wa malaria uliofanyika Kampala mwaka 1950, nguvu ya ugonjwa katika eneo ilipangwa kwa madaraja kwa kupima wengu wa watoto wenye miaka miwili hadi tisa. Pale ambapo zaidi ya watoto 75 kati ya mia walikuwa na wengu uliovimba, eneo liliwekwa katika daraja la juu kabisa.

Ukurasa wa kushoto: mtoto amesimama, shati limeinuliwa, mama ameweka vidole taratibu chini ya mbavu. Dirisha linaonesha wengu mdogo, uliofichwa na mbavu. Pembeni yupo mtoto mwingine ambaye wengu wake umeshuka chini ya mbavu. Maneno ni mawili matatu: wengu, mbavu, tumbo.

Ukurasa wa kulia: picha nne. Ya kwanza, mbu anamuuma mtoto usiku. Ya pili, vimelea vimeingia kwenye ini, ambako hukaa takriban wiki moja na mtoto haumwi. Ya tatu, vimetoka na kuingia kwenye chembe nyekundu za damu, vinazipasua, na homa inapanda. Ya nne, wengu, ambao kazi yake mojawapo ni kuchuja damu na kuondoa chembe zilizochakaa, unafanya kazi kupita kiasi na unavimba. Chini yake, kiganja kilichopauka kando ya kiganja chenye damu ya kutosha.

Mstari wa mwisho: "Usibonyeze kwa nguvu, wengu uliovimba unaweza kupasuka. Mtoto mwenye homa au viganja vilivyopauka apelekwe kliniki leo."

Angalia kilichoachwa: jina la kisayansi la kimelea, hatua zake ndani ya mbu, aina za kinga. Yote ni kweli, lakini hayajibu swali la mama huyu.

6. Kurasa za uzazi

Hapa ndipo kitabu huweza kufungiwa sandukuni kisitoke tena. Mzazi anayesoma na mtoto hatafungua ukurasa unaomwaibisha mbele yake. Waulize kwanza wanawake wanaofundisha wasichana, wakunga, viongozi wa dini na akina baba, kila kundi peke yake. Njia inayofaa ni kutoa kurasa hizi kama kijitabu cha pili, kimoja kwa wasichana na kimoja kwa wavulana. Chora kwa mkato wa ubavuni, uso wa mtu ukiwa na utulivu na heshima. Mimba ioneshwe ndani ya mama aliyevaa nguo, dirisha likifunguliwa tumboni, na kondo la nyuma lionekane wazi, kwa kuwa ndilo linalojibu swali la mtoto anakulaje.

7. Maneno

Sentensi moja, wazo moja. Usizidishe maneno arobaini kwa ukurasa. Tumia Kiswahili sanifu kwa majina ya viungo, kisha umsomee Mkongomani wa Katanga uone kama anakufuata. Chakula anachokiita bukari usikiandike ugali bila kumwambia ni kitu kilekile. Chini ya jina la Kiswahili weka la Kibemba kwa herufi ndogo, ili majirani wakitumie kitabu pamoja. Majina ya Kiingereza yakae kwenye jedwali la mwisho kwa ajili ya mwanafunzi anayekabiliwa na mtihani.

Herufi ziwe za ukubwa wa 14, nyeusi juu ya nyeupe. Usichape maneno juu ya picha yenye rangi nzito. Chukua ukurasa mmoja ukausome usiku kwa tochi ya sola. Kama macho yanahangaika, ongeza nafasi kati ya mistari.

8. Karatasi, haki na ukaguzi

Karatasi ya gramu 80 hupitisha wino, na picha ya nyuma huonekana mbele kama sehemu ya mwili. Omba gramu 100 au zaidi, na jalada la gramu 250. Kando ya ziwa pini za chuma hushika kutu. Ukiweza, shona kwa uzi.

Michoro ya toleo la Marekani la kitabu cha Gray la mwaka 1918 haina tena hakimiliki, na shirika la Hesperian, wachapishaji wa kitabu cha Werner, huruhusu michoro yao inakiliwe kwa kazi isiyo ya faida. Soma masharti yao ukurasa wa mbele. Hata hivyo ichore upya kwa sura, nguo na vyombo vya pale.

Kila ukurasa ukaguliwe na tabibu. Hospitali ya misheni ya St Paul's ipo Kashikishi, na ofisi ya afya ya wilaya ndiyo yenye kauli juu ya vitabu vya afya vinavyosambazwa.

9. Jaribu kabla ya kuchapa

Toa fotokopi za michoro bila maneno. Mwoneshe mtu mmoja mmoja, kumi kwa jumla, nusu wanawake, wakiwemo wasiojua kusoma. Usiulize "Umeelewa?" kwa maana atasema ndiyo kwa adabu. Uliza hivi:

- Unaona nini hapa?
- Huyu anafanya nini, au kuna nini kinachotokea?
- Ungemweleza jirani yako vipi?

Andika jibu kwa maneno yake mwenyewe, usimsahihishe. Kama walioelewa hawakufika wanane kati ya kumi, mchoro urudi kwa mchoraji. Baada ya hapo onesha picha pamoja na maneno, umsikilize anavyosoma kwa sauti. Neno analokwama nalo libadilishe. Mchoraji awepo katika majaribio, asikie kwa masikio yake.

10. Chapa kidogo, rekebisha, ongeza

Anza na nakala mia moja. Zipeleke kwa wahudumu wa afya wa jamii, walimu na familia chache za Mantapala, na uwaonyeshe namna ya kuzitumia, kwa sababu kila mmoja wao atakuwa nachimbusa wa kitabu hiki. Baada ya miezi mitatu rudi ukatazame kurasa. Zilizochakaa ndizo zinazotumika. Zilizobaki safi zina tatizo la swali, la picha au la aibu. Waulize wasomaji ni lipi. Rekebisha hizo, kisha ndipo uchape maelfu. Mzazi wa Mantapala atakapoweza kumweleza mwanawe, kwa maneno yake na bila wewe kuwepo, kwa nini homa hurudi, kitabu chako kimekamilika.